UZI: Kichaka cha maua mekundu mnachokiita "mkrismasi mdogo" si mkrismasi. Tukitafutie ukoo wake

Mchimba Mizizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kichaka ambacho ukitembea mji wowote wa Afrika Mashariki lazima ukikute: getini kwa shule, kwenye bustani za nyumba za wageni, katikati ya barabara za njia mbili pale halmashauri ilipoamua kupendezesha mji. Kwa kawaida hakizidi mita 3. Majani yake ni ya vijani vidogo vilivyopangana pande mbili, shina lina miiba ya hapa na pale, na maua yanakaa kwenye mshikano juu kabisa ya tawi, mekundu yenye pindo la njano, stameni 10 (zile nyuzi zenye chavua) zimechomoza nje ndefu kama sharubu za kambamti.

Wengi humu mnakiita mkrismasi mdogo. Kwenye uzi wa bustani watu wamebishana mpaka wakatukanana, mmoja akisema ni mkrismasi uliodumaa, mwingine akisema ni aina ya mjohoro. Nimeona nilete uzi wake, tukipange sawasawa.

Jina lake la kitaalamu ni *Caesalpinia pulcherrima*. Familia ni Fabaceae, yaani familia ya mikunde: ile ile ya maharage, karanga, mkwaju na mgunga. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Kilisambazwa bandari kwa bandari zamani mno, kiasi kwamba leo mipaka ya kwao halisi imefutika. Barbados wamekifanya ua la taifa.

Aliyekiandika kwanza kwa mfumo wa majina mawili ni Linnaeus, mtaalamu wa mimea Msweden, mwaka 1753, akakiita *Poinciana pulcherrima*. Jenasi hiyo (kundi la spishi za karibu, ndilo neno la kwanza la jina) ilibeba jina la de Poincy, gavana Mfaransa wa visiwa vya Karibi katika karne ya 17. Mwaka huohuo, ndani ya kazi hiyohiyo, Linnaeus aliorodhesha pia jenasi *Caesalpinia*, kwa heshima ya Andrea Cesalpino, Mtaliano aliyejaribu kuipanga mimea kwa matunda na mbegu zake tangu 1583. Mwaka 1791 Msweden mwingine, Olof Swartz, akaona hakuna sababu ya kukitenga kichaka hiki na wenzake, akakihamishia *Caesalpinia*. Kimekaa hapo mpaka leo.

Mkrismasi nao, ule mti mkubwa wa mwavuli unaowaka mwezi wa Desemba, una historia inayofanana, na ubishi wetu umeanzia hapo. Mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer aliukuta Madagaska, na mwaka 1829 ukachapishwa kwa jina la *Poinciana regia*. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa vitabu viliiweka mimea hii miwili karibu sana. Mwaka 1837 mtaalamu mwingine, Rafinesque, akautoa mkrismasi akaupa jenasi yake, *Delonix*. Lakini jina "poinciana" lilishaganda midomoni mwa wauza miche duniani kote, na mpaka leo wanaliuza kwa mimea yote miwili.

Sasa ushahidi. Msinisikilize mimi, chukueni tumba la ua ambalo halijafunguka, la kila mmea, mkalibandue kwa kucha.

Tumba la mkrismasi: sepali zake 5 (yale majani ya nje yanayolifunika ua) ni nene, zimekutana ukingo kwa ukingo bila kupandana, kama mlango wenye mbawa tano. Zikifunguka, nje ni kijani na ndani ni nyekundu. Tumba la kichaka chetu: sepali zimefunikana, na ile ya chini kabisa ni kubwa kuliko nyingine, imejikunja ikawa kofia inayozivika zenzake. Hiyo kofia ndiyo alama. Ukiiona, hata kama ua ni la njano tupu, ujue unashika nini.

Endelea kubandua. Ndani utakuta petali 5, yale majani ya rangi ya ua. Nne zinalingana, zimekunjamana pembeni. Ya tano, ya juu, ni nyembamba na ndogo, na sehemu yake ya chini imejiviringa ikawa mrija. Humo ndimo nekta inakopitia. Kipepeo anayetaka kunywa lazima asimame mbele ya stameni zote, na huku anapigapiga mabawa chavua inampaka kwenye mabawa. Chavua ya mmea huu husafiri kwa mabawa ya kipepeo zaidi kuliko kwa miguu au ulimi wake.

Halafu maganda. La mkrismasi ni gumu, linaweza kufika nusu mita na zaidi, linaning'inia miezi mingi, watoto wanalifanya upanga. La kichaka chetu ni bapa, jembamba, sentimita 6 hadi 12, na likikauka juani pande zake mbili zinajisokota kwa ghafla na kurusha mbegu mbali. Ukikaa karibu nacho mchana wa kiangazi unasikia "ta!".

Kwa hiyo ni ndugu wa familia moja, hilo sikatai. Lakini kila mmoja ana nyumba yake. Katika mpangilio wa makabila ya mimea hii (kabila ni ngazi kati ya familia na jenasi) uliotoka 2024, kichaka chetu kipo kabila la Caesalpinieae, na mkrismasi upo Schizolobieae pamoja na *Peltophorum* na *Parkinsonia*.

Karibuni. Matusi yaachwe kwenye uzi ule mwingine.

---

Kijani Kibichi

Siti ya mbele hapa. Mkuu shusha nondo.

---

Fundi Maua

Mimi nauza miche, mwaka wa ngapi huu. Mteja akija anataka "krismasi fupi" namuuzia hicho, na anarudi kununua mwingine. Sasa ukiniambia nimwambie Sizalpinia sijui nini, si atakwenda kwa jirani?

Swali la maana: ninavyo vya njano tupu. Hivyo ni spishi nyingine au ndiyo hiyohiyo?

---

Mchimba Mizizi

@Fundi Maua uza kwa jina linalouza, mkuu, hakuna polisi wa majina.

Ya njano ni spishi hiyohiyo. Ipo nyekundu, ya chungwa, ya njano, hata ya pinki. Rangi ya ua ndiyo shahidi mbovu kuliko wote katika kupanga mimea, kwa sababu inabadilika kirahisi. Ua jekundu limezuka mara nyingi, kwenye koo tofauti kabisa. Angalia *Erythrina*, mti wa maua mekundu unaouona ukichanua bila majani nyanda za juu. Nao ni mkunde, nao ni mwekundu, lakini uko upande wa maharage.

Kupima hilo rudi kwenye tumba. Ua la mharage, mbaazi au *Erythrina* lina petali moja kubwa ya juu, na kabla ya kufunguka petali hiyo iko NJE, imezifunika nyingine. Kwenye kichaka chetu petali ya juu iko NDANI kabisa, zenzake ndizo zimeifunika. Kitu kidogo hicho, lakini ni tofauti iliyokwenda na koo hizi kwa mamilioni ya miaka.

---

Mwalimu wa Zamu

Asante kwa darasa, ila mimi nafundisha baiolojia na hapa umenichanganya. Vitabu vyetu vinasema mikunde ina makundi matatu: Papilionaceae, Mimosaceae na Caesalpiniaceae. Ua kama kipepeo, ua kama kishungi, na ua la kawaida lenye petali 5 zilizo wazi. Wanafunzi wanalikariri hilo na wanalijibia mtihani. Sasa hayo makabila yako yanaingia wapi?

---

Mchimba Mizizi

Mwalimu, mgawanyo huo wa tatu ni mzuri kwa kumfundisha mtoto kutazama ua, na ninakiri umewasaidia wengi. Tatizo lake ni kwamba hauendi na nasaba.

Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu wa mikunde lilichapisha mpangilio mpya: familia moja, Fabaceae, yenye familia ndogo 6. Nazo ni Papilionoideae (maharage, kunde, karanga, mbaazi), Detarioideae (mkwaju umo humu), Cercidoideae (*Bauhinia*, yale majani yenye umbo la kwato), Dialioideae, Duparquetioideae ambayo ina spishi moja tu ya Afrika Magharibi na Kati, na Caesalpinioideae.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye maajabu. Lile kundi la zamani la "Caesalpiniaceae" lilikuwa pipa la takataka. Kila mkunde usio na ua la kipepeo wala kishungi ulitupwa humo. DNA ilipokuja, ikaonekana kwamba mkwaju na *Bauhinia* zilijitenga mapema sana na hazina udugu wa karibu na *Caesalpinia*. Na wakati huohuo wale wa vishungi, yaani migunga, lusina, mimosa, wamechipuka NDANI ya tawi la *Caesalpinia* na wenzake. Kwa hiyo migunga sasa imo katika Caesalpinioideae, imepewa kabila lake, Mimoseae.

Maana yake ni hii: mgunga wa porini wenye vishungi vya njano ni ndugu wa karibu zaidi wa kichaka chetu kuliko mkwaju. Ukitazama maua kwa macho tu utaapa kinyume chake.

Kwa mtihani, wajibu kama mtaala unavyotaka. Kwa kuelewa, waambie hivyo.

---

Mtoto wa Shamba

Hapo kwenye migunga mmenikumbusha kidonda. Si ndio hawa hawa waliotunyang'anya Acacia? Afrika nzima ilikuwa inajulikana kwa akasia, wakaenda kukaa kikao Ulaya, jina wakapewa Waaustralia. Leo mgunga wangu naambiwa ni Vachellia. Mimi hawa watu siwaamini, wanabadilisha majina ili wapate mishahara.

---

Mchimba Mizizi

@Mtoto wa Shamba hapo tuko pamoja nusu njia.

Kuvunja *Acacia* kulikuwa sahihi kisayansi, kwa sababu lile kundi kubwa halikuwa la ukoo mmoja. Uamuzi wa nani abaki na jina ni jambo jingine. Hilo lilikuwa la kanuni na kura. Kwenye kongamano la kimataifa la wanabotania, Vienna 2005, spishi ya kuwakilisha jina ikahamishwa kutoka ya Afrika kwenda ya Australia, kwa hoja kwamba Australia ina spishi nyingi mno zingelazimika kubadilishwa. Melbourne 2011 likathibitishwa. Waafrika wengi walipinga. Mimi ningepiga kura upande wao, na bado naona tulionewa.

Ila kwa kichaka chetu mambo yalikwenda kinyume. Nitalifikia hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya nilete uzi. Naona @Nahodha wa Bao yuko mtandaoni, naye atalipenda.

---

Nahodha wa Bao

Nipo shehe. Umenitaja, mimi na maua wapi na wapi?

---

Mchimba Mizizi

Kete zako unachezea nini?

---

Nahodha wa Bao

Komwe, nini tena. Za mbao na za plastiki waachie watalii. Komwe 64, thelathini na mbili zako na thelathini na mbili zangu. Ukianza unatandaza 10, nyingine 22 unabaki nazo mkononi unanamua moja moja. Komwe lina uzito wake, ukilidondosha shimoni linasema.

---

Mchimba Mizizi

Basi komwe hilo, mpaka 2016, lilikuwa ndugu wa jenasi moja na kichaka cha getini.

Mkomwe, ule mmea unaotambaa ufukweni, wenye miiba mpaka kwenye ganda, vitabuni uliandikwa *Caesalpinia bonduc*. Na *Caesalpinia* ya wakati huo ilikuwa kubwa ya kutisha. Ilijumuisha mikomwe ya pwani, miti ya Brazili iliyotoa rangi nyekundu, vichaka vya jangwa, mitambaazi ya Asia. Ukiuliza ni sifa gani inayowaunganisha wote hao na kumwacha jirani nje, hupati jibu.

Edeline Gagnon na wenzake, Anne Bruneau, Colin Hughes, Luciano Paganucci de Queiroz na Gwilym Lewis, wakachukua DNA ya sehemu kubwa ya spishi za kundi zima, kundi lenye spishi zipatazo 200, wakachora mti wa nasaba. Matokeo yalikuwa ya fujo. Zile zilizoitwa *Caesalpinia* hazikukaa tawi moja. Zilitawanyika, na katikati yao zikajipenyeza jenasi ambazo kila mtu alizikubali kuwa tofauti: *Haematoxylum*, *Pterolobium* yenye matunda mekundu ya bawa tunayoiona kwenye vichaka vyetu vya Afrika Mashariki, *Cordeauxia* ambayo ni yeheb, ile njugu ya Wasomali, na *Stuhlmannia* ya Kenya, Tanzania na Madagaska.

Ukifika hapo una njia mbili tu. Ama umwage zote hizo ndani ya *Caesalpinia* moja, na jenasi iwe kubwa zaidi na isiyo na sura. Ama uvunje. Wakavunja: kundi zima likawa na jenasi 26, baadhi mpya, nyingi za zamani zilizofufuliwa.

Mkomwe ukarudishiwa jina ambalo Linnaeus mwenyewe aliupa 1753: *Guilandina bonduc*. Kwa hiyo wanaosema wataalamu wanabuni majina mapya, hapa wamerudisha la zamani kuliko yote.

Na kichaka chetu? Kimebaki. *Caesalpinia* ya sasa ina spishi takriban 9 tu, zote za Amerika, na *pulcherrima* ni mmoja wao. Jamaa alianza na jina la *Poinciana*, akahamia kwa watu kama mpangaji, leo wenye nyumba karibu wote wameondoka naye yumo ndani.

---

Nahodha wa Bao

Haya makubwa. Lakini mimi nikiangalia kwa macho, komwe na hicho kichaka kweli havifanani. Komwe mviringo, rangi ya kijivu kama risasi, gumu hata ukilipiga nyundo linaruka. Mbegu za kile kichaka nimeziona, bapa na za rangi ya udongo. Walizifanyaje kuwa nyumba moja?

---

Mchimba Mizizi

Kwa sababu walianzia kwenye ua: petali 5, stameni 10, sepali ya chini yenye kofia. Mkomwe nao una kofia hiyo.

Lakini tofauti zipo, na zimekuwa zikionekana siku zote kwa anayetaka kuona. Kichaka chetu kila ua lina dume na jike. Mkomwe una mimea ya kiume na mimea ya kike mbalimbali, ndiyo maana unaweza kukuta kichaka kikubwa cha mkomwe kinachanua kila mwaka na hakina hata ganda moja. Ganda la mkomwe limejaa miiba, la kichaka chetu ni laini. Ganda la kichaka chetu linapasuka kwa kujisokota na kurusha mbegu. La mkomwe linajifungua taratibu, komwe linakaa humo mpaka lianguke, maji yalichukue. Komwe linaelea, ndiyo maana fukwe za tropiki karibu zote zina mkomwe, na Waskoti wameziokota kwao zimesukumwa na bahari. Tazama komwe kwa karibu, na kioo cha kukuza kama unacho: kuna mistari myembamba ya nyufa inazunguka gamba, mmoja ndani ya mwingine. Hiyo ni alama ya *Guilandina*.

---

Bint Mlimani

Naomba kuuliza kutoka Kenya. Kwetu nyanda za juu kuna mmea wa miiba, maua ya njano, wazee waliupanda uwe uzio wa kuzuia ng'ombe na sasa umekuwa janga, unapanda mpaka juu ya miti. Tulifundishwa ni Caesalpinia decapetala. Huo nao umehamishwa?

Na ile dawa ya malaria ya wazee, Caesalpinia volkensii?

---

Mchimba Mizizi

Zote zimehama, dada.

*Decapetala* ni *Biancaea decapetala* sasa. Asili yake Asia, na unavyosema ni kweli, ni mmea vamizi. Ukiung'oa vaa glavu nene. *Volkensii* imekwenda kwa mkomwe: *Guilandina volkensii*. Jina linatokana na Georg Volkens, Mjerumani aliyekusanya mimea Kilimanjaro miaka ya 1890. Na kama kuna mtu kwenu ana ua wa tara, ule mmea wa Peru unaotoa tanini ya kutengenezea ngozi, nao ni *Tara spinosa*.

Ukihesabu hivyo unagundua jambo: Afrika Mashariki haina tena *Caesalpinia* ya asili hata moja. Kila tunayoiona imepandwa, na karibu kila mara ni hii hii ya getini.

---

Fundi Maua

Mkuu, mwenye shamba mmoja ananibana nimpe miche ya hicho azungushie mahindi, anasema ni mkunde kwa hiyo kitampa mbolea ya naitrojeni. Nimuuzie?

---

Mchimba Mizizi

Mwambie ukweli. *Caesalpinia* haina vinundu mizizini, haitengenezi naitrojeni na bakteria. Si kila mkunde unafanya kazi hiyo. Maharage, kunde, lusina, mgunga, ndiyo. Mkwaju, mkrismasi na hiki, hapana. Kama anataka ua wa kurutubisha mpe lusina au kaliandra. Kama anataka ua wa kupendeza na miiba kidogo, mpe hiki.

Mbegu loweka usiku kucha kwa maji ya moto yaliyopoa kidogo, gamba lake ni gumu.

---

Msoma Magazeti

Niongeze la historia, maana naona hamjaligusa. Maria Sibylla Merian, mchoraji mwanamke aliyekaa Suriname 1699 hadi 1701, alikichora kichaka hiki na kukichapisha Amsterdam 1705. Aliandika kwamba wanawake watumwa, wenyeji wa asili wa huko na Waafrika, walikuwa wakitumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Waliyasema hayo wenyewe, na yeye akayaandika karibu nusu karne kabla ya Linnaeus. Kila nikipita pale mzunguko wa barabarani nikaona hayo maua naliwaza hilo.

---

Kijani Kibichi

Duh. Sikujua kabisa.

---

Mchimba Mizizi

Umefanya vizuri kulileta, @Msoma Magazeti. Linnaeus alikiita *pulcherrima*, "mrembo kupita wote", na habari ya Merian haikuingia kwenye maelezo ya wanabotania waliofuata isipokuwa kwa nadra. Mbegu zina sumu, kwa hiyo nyie wenye watoto wadogo wasizichezee mdomoni. Na asije mtu PM kuuliza dozi, sitajibu.

---

Mbishi wa Zamani

Nimesoma uzi wote. Bado nasema: kama mtu wa kawaida hawezi kuitofautisha, basi tofauti hiyo haina kazi. Mimi kwangu jani ni lile lile, ua ni jekundu, ni mkrismasi. Hiyo DNA nani ameiona?

---

Mtoto wa Shamba

@Mbishi wa Zamani mimi niliyekuwa nabisha nimekwenda kubandua tumba jana jioni kwa jirani. Kofia ipo. Na jani si lile lile bwana, angalia vizuri: vijani vya mkrismasi ni vidogo mno na vingi, unakaribia kuona unga. Vya hiki ni vipana, vya mviringo, unavihesabu ukiwa umesimama. Shina nalo lilinichoma.

---

Mchimba Mizizi

Hapo sasa. DNA imethibitisha tu, ila macho yalikuwa na kazi ya kutosha tangu zamani. Rafinesque 1837 hakuwa na mashine yoyote, alikuwa na ua mkononi.

Ila @Mbishi wa Zamani ana hoja moja ninayoiheshimu: mpangilio usiomsaidia mtu kutambua mmea ni wa makabati. Ndiyo maana mimi naunga mkono kuvunjwa kwa 2016. *Caesalpinia* ya zamani usingeweza kumweleza mtu kwa sentensi moja. Leo *Guilandina* unamwambia: mtambaazi, ganda la miiba, mbegu ni komwe. Amemaliza.

---

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, mwisho kabisa. Tunaweka vibao kwenye mimea ya shule, na hiki kipo mlango wa ofisi. Niandike nini? Nimeona mahali wameandika "(L.) Sw." baada ya jina, ni ya lazima? Na mkrismasi je, tunao mmoja mkubwa uwanjani.

---

Mchimba Mizizi

Mwalimu, andika hivi:

*Caesalpinia pulcherrima* (L.) Sw.
Familia: Fabaceae
Familia ndogo: Caesalpinioideae
Asili: Amerika ya kitropiki

Si lazima uweke hizo herufi, lakini kwa shule ziweke, zina somo. L. ni Linnaeus, aliyeipa spishi jina 1753. Amefungiwa kwenye mabano kwa sababu aliiweka jenasi nyingine. Sw. ni Swartz, aliyeihamisha 1791. Mwanafunzi akiona mabano ajue mmea huo umewahi kuhama nyumba.

Wa uwanjani: *Delonix regia* (Bojer ex Hook.) Raf., asili Madagaska. Bojer aliupa jina, Hooker akauchapisha, Rafinesque akauhamisha.

Jina la jenasi lianze kwa herufi kubwa, la spishi kwa ndogo, na yote mawili yaandikwe kwa herufi za mlazo. Kibao usikipigilie shinani kwa msumari, kifunge kwa waya uliolegea au kisimamishe kwa kigingi. Kile kichaka kinakatwa kila baada ya maua ili kichanue tena, na kibao cha kwenye tawi kitaondoka na mkataji majani.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimekopi. Jumatatu navipeleka kwa fundi.